Picha Zilizoungua: Kutoka Mkanda Mpaka Simu, Korogwe na Handeni

Nimeadimika kidogo kwa sababu ya testi, ila leo nimerudi na mada iliyoniwasha wiki nzima.

Imeanzia hapa hosteli. Jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza kanunua kamera ya zamani ya filamu, ile ya kuvuta kwa kidole gumba kila baada ya picha, maana siku hizi vijana wa mjini wameigeuza fasheni. Mwenzake akamcheka: filamu ilishakufa kaka, simu yangu ina pikseli milioni hamsini. Wakabishana mpaka saa saba usiku. Ipi ina picha kali, ipi ina rangi ya ukweli, ipi ni ya mafundi. Mimi nilinyamaza, si kwamba sikuwa na la kusema. Wote wawili wamekulia Dar. Kwetu swali halikuwa ukali wa picha. Swali lilikuwa hiyo filamu itasafishwa wapi, itarudi lini, na ikisharudi nani atabaki na negativu.

Baba yangu ni mtu wa Handeni na mama ni wa Korogwe, kwa hiyo nimekulia kwenye ile barabara ya kilomita 65 hivi inayounganisha miji hiyo miwili. Siku hizi ina lami. Zamani ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Ukiniuliza tofauti ya filamu na dijitali, nitakujibu kwa barabara hiyo.

Kwanza tuelewane filamu ni kitu gani, maana wengine humu mmezaliwa mkaikuta simu. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini (ndiyo, ile inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama), na ndani ya jelatini kuna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Fedha kweli, madini. Mwanga ukizigusa zinabadilika, lakini kwa macho huoni kitu mpaka uzioshe kwa dawa. Kwa picha za nyeusi na nyeupe, dawa ya kwanza inazigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi, nyingine inaondoa zile ambazo hazikuguswa, halafu ni maji. Maji mengi. Usipoosha vizuri, dawa inabaki na baada ya miaka picha inageuka njano na kufifia. Za rangi ndiyo usiseme. Mfumo unaoitwa C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972, unataka dawa ya kwanza iwe na joto la nyuzi 38 hivi, na filamu ikae humo dakika 3 na sekunde 15. Ukikosea kidogo tu, harusi nzima inatoka ya kijani.

Sasa yachukue hayo yote uyapeleke Handeni. Anayeifahamu Handeni anajua habari ya maji. Mama zetu wameamkia visimani saa tisa usiku na ndoo. Mradi mkubwa wa maji wa wilaya, ule tunaouita HTM, unayavuta maji kutoka mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka huko juu. Maana yake hata maji ya kuoshea picha ya mtu wa Handeni yalitakiwa yatoke Korogwe! Nani angethubutu kumwaga ndoo tatu kwenye sinia la picha wakati jirani hana ya kupikia?

Korogwe ilikuwa na bahati zake. Ina mto. Ina reli tangu 1902. Na mwaka 1964 bwawa la Hale likaanza kuzalisha umeme, megawati 21, humohumo wilayani. Ndiyo maana nasema historia ya picha ya kwetu, kabla haijawa historia ya kamera, ni historia ya reli, maji na umeme.

Tuanze na reli basi. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikasuasua kwa kukosa fedha, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na humo ndimo yalimotoka mashamba yote yale mnayoyaona mkipita na basi la Arusha. Kamera nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo ya wazungu. Anayejulikana zaidi ni Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi nchini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita yenyewe. Alipiga askari, masoko, mashamba, reli. Enzi zile wapiga picha wa kazi walitumia zaidi vioo vilivyopakwa dawa, vizito na vya kuvunjika, kwa hiyo fikiria mizigo na wapagazi.

Katika picha za namna ile mtu wetu yumo, lakini jina lake mara nyingi hayumo. Maelezo yanasema kabila, au kazi, basi. Na vioo vilikwenda Ujerumani. Aliyepigwa hakupewa nakala. Enzi ya Waingereza ilipokuja, mfanyakazi wa mkonge alikuwa na kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Kipande kilihesabu siku zake. Sura yake hakikuihitaji.

Hapa dijitali inastahili sifa yake, tusiwe wanafiki. Desemba 2008, hazina ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka picha zaidi ya elfu themanini kwenye Wikimedia Commons, na za Dobbertin zimo. Chuo Kuu cha Frankfurt nacho kimeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za ile jumuiya yao ya kikoloni. Leo mtu akikaa Chanika, pale Handeni mjini, akiwa na bando la mia tano, anaweza kuona alichopiga Mjerumani miaka zaidi ya mia iliyopita. Filamu na vioo visingeweza kumfikishia kamwe. Ilibidi picha iwe namba kwanza ndipo irudi nyumbani.

Sasa twende kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga picha Korogwe, maeneo ya Manundu. Alianza mwanzoni mwa miaka ya 80 na kamera ya mtumba. Mnakumbuka (au mmesoma) hali ilivyokuwa. Nchi haina fedha za kigeni, sabuni yenyewe ya kupanga foleni, seuze filamu. Alikuwa anapata roli moja moja kwa watu waliotoka Nairobi au Mombasa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe ndipo maduka yakaanza kujaa tena, na filamu nazo zikaonekana.

Mwanzo alipiga nyeusi na nyeupe na kusafisha mwenyewe. Chumba cha kulala, usiku, dirisha limezibwa kwa blanketi, balbu imefungwa kitambaa chekundu. Mke wake analala kwa jirani siku hizo kwa ajili ya harufu ya dawa. Kila kitu kilifanyika Korogwe: kupiga, kusafisha, kuchapa, kuuza. Halafu ikaja rangi. Kila mteja anataka rangi, nani atake kuonekana wa kizamani? Na rangi haisafishwi chumbani kwa mtu. Inataka mashine, dawa za joto maalumu, umeme usiokatika. Filamu zikaanza kusafiri: unamkabidhi kondakta wa basi bahasha, anaipeleka Tanga au Dar, baada ya wiki au mwezi inarudi.

Hili mimi naliona kubwa na sijaona watu wakilisema. Tunapoongea utadhani mapinduzi ni moja tu, dijitali kuiua filamu. Kwa wapiga picha wa miji midogo mapinduzi ya kwanza yalikuwa rangi. Ndiyo iliyowanyang'anya nusu ya kazi yao, ile nusu ya chumba cha giza, ikaipeleka mjini. Mjomba akawa mtu wa kubonyeza tu na kubeba bahasha. Dijitali ilipokuja baadaye, kwa namna fulani iliirudisha kazi nyumbani, maana kwa laptopu na printa ndogo hata wa Kabuku anaweza kuchapa pasipoti saizi wewe ukiwa umekaa kwenye kiti.

Wateja wa mjomba wengi walikuwa upande wa Handeni. Anapanda basi au baiskeli, anakwenda kwenye minada, maulidi, harusi, siku za kipaimara. Roli moja picha 36. Biashara yake ilikuwa hivi: unalipa arbuni, anakupiga, halafu unangoja. Ulikuwa unalipia kitu ambacho wewe hujakiona na yeye mwenyewe hajakiona. Imani tupu! Na roli ikiwa haijaisha haisafishwi, maana dawa ni ileile na nauli ni ileile kwa picha nne au thelathini na sita. Bwana harusi wa Sindeni anakuja kuulizia picha zake, anaambiwa "bado filamu haijaisha, zimebaki tisa". Kwa hiyo ndoa yake inasubiri watu wengine tisa wa kijiji kingine wajisikie kupiga picha. Mjomba anasimulia kuna ndoa ilivunjika picha zikiwa bado ndani ya kamera. Sijui kama ni kweli, mjomba ana chumvi.

Halafu kuna lile neno letu wote: "picha zimeungua". Kwa wasiojua, filamu ikiona mwanga kabla ya kusafishwa inaharibika yote, chembe zote za fedha zinaguswa, hakuna tena picha. Mtoto akifungua mgongo wa kamera, imeungua. Joto kali la kukaa kwenye buti la gari miezi, filamu iliyopita muda wake, vyote viliingia kwenye neno hilo. Na arbuni iliyoliwa na mpiga picha nayo iliitwa kuungua, tusifichane. Mteja angefanyaje? Hakuna ushahidi. Na dijitali je? Leo unamwambia mpiga picha "nionyeshe", anakugeuzia kioo, umefumba macho, "rudia". Ile mamlaka ya mpiga picha, ya kuwa yeye tu ndiye anajua (au hajui) kilichomo, imekwisha pale kioo kilipowekwa nyuma ya kamera.

Kwa sababu kila kubonyeza kulikuwa hela, watu walijiandaa. Angalia albamu yoyote ya miaka ile kwetu: watu wamesimama wima, nguo za sikukuu, mkono kwenye bega, redio imewekwa mbele, saa imevutwa ionekane. Hakuna anayecheka. Hakuna anayetwanga wala kulima. Mtu wa historia akitumia picha hizo peke yake atadhani Wazigua hawakufanya kazi miaka ishirini. Filamu ilitufundisha kuonyesha tunavyotaka kukumbukwa. Simu inaonyesha kila kitu mpaka ubwabwa.

Na rangi ya ngozi. Hili lilikuwa linaniuma hata kabla sijalielewa: kwenye picha za rangi za zamani, watu weusi wa kwetu wamegeuka kivuli, unaona meno na macho. Tukadhani ni mjomba hajui flashi. Kumbe, tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilikuwa zinapimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Waliziita kadi za Shirley. Rangi ikishakuwa nzuri kwenye uso wa Shirley, mashine iko sawa, wengine mtajijua. Malalamiko yaliyosikilizwa haraka, kwa mujibu wa watafiti wa jambo hilo, yalikuwa ya watengeneza chokoleti na samani za mbao ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri! Dijitali ilirithi tabia hiyohiyo, kwa sababu programu nazo zimefundishwa kwa sura za watu fulani. Ila kwa programu kurekebisha ni rahisi kuliko kubadili kemia ya kiwanda kizima. Tecno wameuza sana Afrika kwa kutengeneza kamera inayojali ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google nao wakaja na yao. Kwa hilo tu, wadau, mimi ni wa dijitali.

Cha kuchekesha ni kwamba dijitali imezaliwa ndani ya nyumba ya filamu. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, Marekani, walibuni kifaa cha kugeuza mwanga kuwa chaji za umeme (wakapata Nobeli mwaka 2009). Mwaka 1975 kijana wa Kodak, Steven Sasson, akakitumia kifaa cha namna hiyo kutengeneza kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, pikseli elfu kumi tu, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kaseti ile ya muziki! Badala ya chembe za fedha, kuna vijumba vidogo, kila kimoja kinahesabu mwanga ulioingia na kutoa namba. Picha ikawa orodha ya namba. Namba haihitaji maji, haiungui, haisubiri picha tisa zilizobaki. Kodak walikuwa nayo mkononi, lakini hela yao ilikuwa kwenye filamu na dawa. Januari 2012 wakaomba kinga ya kufilisika mahakamani.

Kwetu sisi dijitali haikuingia kwa mlango wa kamera za bei. Kwa wengi iliingia kwa mlango wa serikali na wa simu. Mwaka 2004 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, picha za kadi zilipigwa kwa kamera za papo kwa papo, zile ambazo picha inatoka hapohapo ikiwa mbichi. Kwa wazee wengi wa vijijini hiyo ilikuwa picha yao ya kwanza wakiwa peke yao, na haikulipiwa. Kumbuka kamera ya namna ile haina negativu. Picha ni hiyo moja. Mwaka 2008 Polaroid wakatangaza kuacha kutengeneza filamu zake. Mwaka 2015 tume ikaja na BVR: unakaa, unaangalia kamera iliyounganishwa na kompyuta, vidole vinachukuliwa, kadi inatoka. Uso wa bibi wa Kwamsisi umekuwa namba kwenye seva Dar es Salaam. Unaona mzunguko? Kioo kilikwenda Ujerumani, negativu ya rangi ikaenda mjini, sasa namba iko kwenye seva. Nakala yenye nguvu haijawahi kukaa kwetu kwa muda mrefu.

Simu mnazijua, sitapoteza muda. Nitasema moja tu. Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki nchi nzima, zile simu hazikufa. Hazikuweza tena kupiga wala kupokea, lakini kamera zake zilibaki zinafanya kazi. Nimeona watoto Mkata wanatembea na simu iliyozimwa wakipiga picha mbuzi. Kuna vijiji ambavyo kamera ya kwanza ya mtoto ilikuwa simu feki.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike haya yote.

Bibi yangu mzaa mama, yaani mama yake mpiga picha, alifariki 2019. Ibada ni kesho yake, wakahitaji picha ya kuweka kwenye fremu. Jamani, nyumba nzima hakuna! Mjomba alipiga watu maelfu, mama yake hakuwa mteja. Binamu yangu alikuwa na picha za bibi zaidi ya mia kwenye simu, bibi anacheka, bibi anapeta mchele, bibi na video anaimba tenzi. Simu ile iliporwa stendi mwaka mmoja kabla, hakuwahi kuzihamishia popote. Tukachukua kadi ya kupigia kura, uso wenye ukubwa wa ukucha, kijana wa steshenari akaukuza mpaka karatasi ya A4. Ukisimama karibu ulikuwa huoni bibi, unaona miraba ya kijivu. Tumemzika na miraba ile juu ya jeneza.

Baada ya hapo nikaanza kumsumbua mjomba: negativu zako ziko wapi? Zilikuwa uvunguni, kwenye boksi la sabuni. Hapa ndipo tofauti niliyoitaja mwanzo inapokuja na uzito wake. Kwenye filamu, mteja anaondoka na karatasi, negativu inabaki kwa mpiga picha. Kumbukumbu mbili, sehemu mbili, bila mtu yeyote kupanga. Karatasi ikiliwa na mchwa Handeni, negativu ipo Korogwe. Zanzibar kuna mfano mkubwa: Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe Rohit akaja kuiendeleza, na kwa sababu familia ilitunza negativu, leo tunaona Zanzibar ya kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa macho ya mtu aliyekuwepo. Studio moja tu, familia moja yenye subira.

Dijitali ingeweza kutupa nakala elfu, ndiyo sifa yake kubwa, kunakili ni bure. Lakini kunakili kunahitaji mtu aamue. Mpiga picha wa leo akishakurushia picha kwa WhatsApp (ikiwa imepunguzwa ukubwa), anafuta memori kadi apige harusi nyingine Jumamosi. Hana sababu ya kuweka boksi uvunguni. Na boksi la uvunguni, kwa ujinga wake, halihitaji chaja wala nywila.

Sisemi boksi ni salama. Jelatini ni chakula, ukungu unaipenda, na Korogwe kuna joto na unyevunyevu wa kutosha. Theluthi moja hivi ya negativu za mjomba zilikuwa zimeshikana kama chapati. Zilizobaki nikaziosha polepole kwa maji safi, nikazianika kwenye kamba. Kuzigeuza dijitali sikuhitaji mashine ya gharama: laptopu, kioo cheupe kabisa, negativu juu yake ikiwa imeinuliwa kidogo kwa kadi ili vidoti vya kioo visionekane, simu inapiga kutoka juu, halafu programu ya bure inageuza nyeusi kuwa nyeupe. Za rangi zina ule wekundu wa machungwa, zinasumbua zaidi, ila zinawezekana. Nimefika roli ya ishirini na saba mpaka sasa.

Na kwenye roli ya kumi na moja, mwishoni, nikamkuta bibi.

Nikashangaa, kwa sababu hakuwahi kulipia picha. Mjomba alipoona akacheka, akanieleza. Roli ikibakiza picha mbili tatu na mteja amekuja juu, alikuwa anazimaliza nyumbani, anapiga chochote, mradi afikie thelathini na sita na bahasha iondoke na basi la asubuhi. Hakuwahi kuzichapa, nani amlipe? Kumbe kila mwisho wa roli kuna nyumbani kwetu. Kuku, baiskeli, mlango. Bibi amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, khanga ya kazi, hakujipanga, hata kamera haiangalii. Picha ambazo kwa hesabu ya biashara zilikuwa za kupoteza ndizo pekee kwenye boksi zima ambazo mtu anafanya kazi.

Upande wa baba sina boksi. Handeni ya miaka ya 70, watu walipohamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, wazee wanasimulia malori, nyumba zilizoachwa, miembe iliyobaki porini. Kijijini kwetu sijaona picha hata moja ya siku zile. Mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zilipoanza kuletwa Msomera, humohumo Handeni, kila hatua ilipigwa: na serikali, na waandishi, na waliokubali na waliopinga, na wenyewe waliohama kwa simu zao. Mwanafunzi wa historia wa mwaka 2072 akitaka kuandika juu ya Msomera atakuwa na picha nyingi kuliko anazoweza kutazama, au hatakuwa na za waliohama kabisa, atabaki na zile za ofisini tu. Inategemea simu za watu wa Msomera ziko wapi sasa hivi, na mimi naogopa ziko zilipo simu zote, yaani kwa fundi, au stendi.

Kwa hiyo wale jamaa wa hosteli niliwaambia tu yule wa filamu aniletee negativu zake akishasafisha, asiziache dukani. Vijana wengi siku hizi wanatumiwa picha kwa barua pepe na hawarudi kuzichukua negativu, yaani wananunua filamu halafu wanatupa ile sehemu yenye thamani. Yule wa pikseli milioni hamsini nilimuuliza picha ya mama yake ipo sehemu ngapi. Akasema moja, hii hapa. Jana nimemwona anahangaika na flashi diski.

Kazi yangu ya likizo ni bahasha zilizobaki. Kwenye nyingi mjomba aliandika kijiji na kiasi cha arbuni, jina hakuandika. Roli ya kumi na tisa imeandikwa "Misima, bado 400". Mama mmoja amesimama mbele ya ukuta wa udongo na watoto wanne, redio kwenye kigoda, nusu yake imeingia mwanga. Inaonekana hakuja kuzichukua, au alikuja akaambiwa zimeungua. Mwenye watu Misima aniandikie, nitamtumia aulizie kwa wazee.

Kesho nina semina saa mbili asubuhi. Alamsiki.